Vijiti Kwenye Daftari: Shajara ya Mwaka Mmoja wa Kununua Santuri

Mwezi wa 1, siku ya kuanza

Mradi huu nimeuwekea masharti matatu, na ninayaandika hapa mwanzoni nisije baadaye nikajifanya nimeyasahau. La kwanza, nitanunua albamu moja tu kwa mwezi, nayo iwe santuri. La pili, sitanunua nyingine kabla sijaisikiliza iliyotangulia, pande zote, mara tatu, nikiwa nimeketi bila kazi nyingine mkononi. La tatu, kila upande ninaoucheza hadi mwisho nitauchorea kijiti kimoja katika daftari, kila albamu ikiwa na ukurasa wake, ili mwaka utakapokwisha vijiti ndivyo viseme ni albamu zipi ninazozipenda, wala si mdomo wangu. Mdomo wangu siuamini katika jambo hili. Nikiulizwa albamu zangu bora hutaja zile zinazotajwa na kila mtu, kumbe nusu yake sijazigusa kwa miaka.

Vifaa ni vya kawaida: mashine ya santuri inayozungushwa kwa mkanda wa mpira, amplifaya ya zamani, spika mbili, brashi ya nyuzi za kaboni na kitambaa laini. Sindano nimeipima, inakandamiza kwa uzito wa karibu gramu 2, kama waliotengeneza katriji, kile kichwa kinachoishika sindano, wanavyoelekeza.

Mwezi wa 1, wiki ya pili

Albamu ya kwanza ni Kind of Blue ya Miles Davis, nakala ya zamani ambayo jalada lake limechakaa pembeni lakini santuri yenyewe haina mkwaruzo unaoweza kushikwa na ukucha. Muziki wake ulirekodiwa kwa siku mbili tu za mwaka 1959, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30 jijini New York, ukatolewa Agosti ya mwaka huohuo. Nakiri kwamba nimeichagua kwa woga. Ni albamu ambayo hakuna atakayeniuliza kwa nini nimeinunua.

Tatizo lilijitokeza usiku wa tatu. Nina gitaa ambalo ninalipiga vibaya lakini kwa bidii, na nilitaka kuifuata besi ya Paul Chambers pale mwanzoni mwa upande A, anapouliza swali lake na wenzake wakamjibu kwa noti mbili. Nyuzi zote sita nilikuwa nimezilinganisha kwa kifaa, lakini kila noti niliyoigusa ilikuwa chini kidogo ya ile iliyotoka kwenye spika. Halikuwa pengo la nusu toni nzima, bali pengo dogo lenye kukera, kama mlango unaokataa kufunga kwa upana wa unyoya. Nikaulaumu mkanda wa mashine. Nikatafuta karatasi ya duara yenye mistari ya kupimia mwendo, nikaiweka juu ya sahani inayozunguka na kuimulika kwa taa yake. Mistari ikasimama tuli, maana yake mizunguko ilikuwa 33⅓ kwa dakika, kama inavyotakiwa. Nikageuza santuri. Upande B ukakubaliana na gitaa langu bila ubishi wowote.

Mkosaji hakuwa mkanda wala sikio langu. Siku ile ya Machi, mashine mojawapo ya utepe studioni ilikuwa ikienda polepole kuliko ilivyopaswa, na utepe huo ulipochezwa baadaye katika mashine yenye mwendo sahihi, muziki ukatoka kwa kasi zaidi na noti zote zikapanda. Nyimbo tatu za siku hiyo ndizo zilizojaza upande A, na ndiyo sababu upande B, wa kikao cha Aprili, hauna kasoro. Mambo yalibaki hivyo hadi mwaka 1992, utepe wa akiba uliorekodiwa sambamba katika mashine nyingine ulipotumiwa badala ya ule wa kwanza. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, vijana waliojifunza muziki kwa kuifuatisha santuri hii walikuwa wakivilinganisha vyombo vyao na mashine mbovu. Habari hii imenifurahisha kuliko ilivyonisikitisha.

Hesabu ya mwezi: A vijiti 7, B vijiti 3.

Mwezi wa 2

Ella and Louis, ya mwaka 1956: Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, wakiwa na Oscar Peterson kwenye piano, Ray Brown kwenye besi, Herb Ellis kwenye gitaa na Buddy Rich kwenye ngoma. Hii ni ya mono, yaani spika zote mbili hutoa sauti ileile, kwani santuri za stereo, zenye sauti tofauti kwa kila spika, zilianza kuenea madukani mwaka 1958, na imenifundisha kazi ya kitufe kimoja cha amplifaya ambacho sikuwahi kukigusa. Katika mfuo wa mono, yaani ule mchirizi ambamo sindano hupita, sindano hubeba muziki kwa kuyumba kushoto na kulia tu, haina sababu ya kupanda wala kushuka. Vumbi na mikwaruzo ndivyo vinavyoirusha juu na chini. Nilipobonyeza kitufe cha mono, ile michakacho ya nyuma ya sauti ikapungua waziwazi, kwa kuwa kitufe hicho hufuta mitikisiko ya juu na chini na kuacha ya pembeni.

Zaidi ya hapo sina la kuandika. Ni albamu nzuri inayonilaza usingizi, na masharti yanataka niwe macho. A 4, B 3.

Mwezi wa 3

Nimeileta A Love Supreme ya John Coltrane, iliyorekodiwa tarehe 9 Desemba 1964 katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, na kutolewa mwaka 1965. Watu ni wanne tu: Coltrane na saksafoni yake, McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi, Elvin Jones kwenye ngoma. Albamu nzima ni dakika 33 hivi, sehemu nne, mbili kila upande.

Wiki mbili za kwanza niliisikiliza jinsi ninavyosikiliza kila kitu, yaani nikiwa nimeegemea kiti na jalada limelala mezani. Jalada hilo hufunguka kama kitabu, na ndani yake limechapishwa shairi la Coltrane mwenyewe, la kumshukuru Mungu. Nilikuwa nimelisoma mara moja na kulipita. Kisha nikajua kwamba sehemu ya nne, inayoitwa Zaburi, si saksafoni inayotangatanga kama nilivyodhani: Coltrane analisoma shairi lile kwa chombo chake, neno kwa neno, silabi kwa noti.

Usiku huo nilizima taa kubwa, nikawasha ndogo, nikaweka sindano kwenye upande B na jalada nikalifungua mapajani. Ngoma za sehemu ya tatu zilipokwisha na besi ikabaki peke yake, nilikuwa nimeshaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Mara mbili nilipotea njia, nikaipata tena kwa maneno yanayorudiwarudiwa, maana kila yanaporudi katika shairi saksafoni nayo hurudi na kushuka vilevile, kama mghani anavyoshusha sauti kwenye kituo cha ubeti wa utenzi. Kufikia katikati nilikuwa sifuati tena kwa kidole. Nilikuwa nasoma kwa kasi yake yeye, na anaposhusha pumzi nami nashusha. Sindano ilipofika karibu na lebo, ile karatasi ya duara ya katikati, sikuinuka kwa muda, nikaiacha ikigongagonga katika mfuo wa mwisho.

Jambo moja la kiufundi lazima niliandike kwa sababu linahusu mradi wenyewe. Mapumziko ya kugeuza santuri, ambayo watu huyaona kama usumbufu, hapa yako mahali pake hasa. Upande A unaishia baada ya sehemu ya pili, unasimama, unatembea, unageuza, unafuta vumbi, na sehemu ya tatu inakukuta na mwili ulioamka. Waliopanga albamu hizi walijua kwamba msikilizaji atainuka. Nikitazama daftari naona A ina vijiti 5 na B ina 11, na kwa mara ya kwanza najiuliza kama kuzijumlisha pande mbili za albamu moja kuna maana yoyote.

Mwezi wa 4

Zombie ya Fela Kuti, iliyotoka Nigeria mwaka 1976. Upande A una wimbo mmoja, upande B una wimbo mmoja, kila mmoja wa zaidi ya dakika 12, basi. Jalada ni kazi ya Lemi Ghariokwu, msanii aliyemchorea Fela majalada mengi, na picha zake za askari zinaeleza wimbo kabla hujausikia: ni dhihaka kwa jeshi linalotii bila kufikiri. Februari 1977 askari walivamia makazi ya Fela mjini Lagos na kuyateketeza.

Kwa sikio, hii ndiyo santuri yenye nguvu kuliko zote nilizo nazo, na sababu iko wazi ukiitazama kwenye mwanga. Upande wa santuri ya inchi 12 hubeba kwa raha dakika 20 hivi. Ukitaka kuuongezea muda ni lazima mifuo ibanane, na mifuo ikibanana ni lazima sauti ishushwe, hasa besi, kwa kuwa mawimbi yake ndiyo mapana zaidi na yangegusana. Dakika 12 huacha nafasi tele. Kwa hiyo mchonga santuri, yaani fundi anayeikata mifuo, anaweza kuupandisha sauti na kuipa besi upana wake wote, na mifuo inaonekana kwa macho ikipinda. Fela hakuwa na haja ya kukatiza ngoma zake ili zienee redioni, naye upande mzima aliutendea kama jukwaa ambalo hakuna wa kumshusha.

Mdogo wangu alipita, akasimama mlangoni, akauliza: "Kaka, huo wimbo haujaisha tu?" Nikamwambia bado hata kuimba hawajaanza. Akaketi. Kijiti hicho nimekichora kwa wino mwekundu, kwa kuwa ndicho cha kwanza chenye msikilizaji wa pili. A 9, B 6.

Mwezi wa 5: hakuna santuri

Nilitaka Led Zeppelin II, ya mwaka 1969, na si nakala yoyote bali ile iliyochongwa na Robert Ludwig, ambaye aliiacha na nguvu nyingi kiasi kwamba sindano za mashine hafifu zilikuwa zikiruka, ikabidi kampuni iichonge upya kwa sauti ya chini. Nakala hizo hutambulika kwa herufi RL zilizokwaruzwa kwa mkono katika sehemu tupu kati ya mfuo wa mwisho na lebo. Muuzaji aliandika kwamba herufi ziko pande zote mbili. Ilipofika niliinamisha santuri chini ya taa, nikaizungusha taratibu kama mtu anayesoma maandishi ndani ya pete, nikaona namba za kiwandani na alama moja ndogo nisiyoijua, lakini RL hakuna, A wala B. Tuliandikiana kwa wiki tatu. Kwanza alisema sijaangalia vizuri, kisha akasema herufi hufutika kwa matumizi, jambo lisilowezekana, maana sindano haifiki pale. Hatimaye aliipokea irudi.

Funzo la kazi: kabla ya kununua, naomba picha ya sehemu hiyo tupu, iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Anayesita kuipiga ameshanijibu.

Mwezi wa 6, wiki ya kwanza

Pastel Blues ya Nina Simone, mwaka 1965, lebo ya Philips. Wimbo wa mwisho wa upande B, Sinnerman, ni wa zaidi ya dakika 10, na ni wao ulionifanya niitafute albamu hii. Nimeucheza mara moja tu na kuuzima. Kadiri sindano inavyokaribia lebo, kila "s" ya Nina inatoka kama mtu anayetema mate, na makofi yale ya katikati ya wimbo yanasikika kama karatasi inayochanwa. Mwanzo wa upande uleule ni safi kabisa.

Mwezi wa 6, wiki ya tatu

Santuri haina kosa. Kosa ni langu, na hesabu yake ni hii: santuri huzunguka kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho, mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, lakini mzunguko wa ukingoni ni mrefu na wa karibu na lebo ni mfupi. Ukingoni mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimita 50 kwa sekunde, na mwishoni hupungua hadi sentimita 20 na kidogo. Sauti ileile iliyotandazwa kwa raha mwanzoni inalazimika kujikunja katika nafasi isiyofika nusu ya ile ya awali, na sindano iliyokaa upande hata kidogo haiwezi tena kuzifuata kona zake. Ndiyo maana katika albamu nyingi nyimbo za mwisho wa upande ni za taratibu. Waliopanga Pastel Blues walifanya kinyume. Wimbo mrefu kuliko yote na wenye moto kuliko yote waliuweka pale ambapo santuri ni dhaifu kuliko popote.

Nilichapisha karatasi ya kupimia mkao wa katriji, yenye nukta mbili, nikaiweka kwenye sahani, nikaishusha sindano juu ya nukta ya kwanza. Katriji ilikuwa imepinda. Si sana, ila ukiitazama kutoka mbele kwa kioo cha kukuzia, ubavu wake haukwenda sambamba na mistari. Nililegeza skrubu mbili kwa bisibisi ya saa, mojawapo ikanidondoka zuliani, nikaitafuta kwa magoti nusu saa nikiwa na tochi mdomoni. Kuizungusha katriji kulihitaji upana wa unywele tu, lakini unywele huo ulinichukua usiku mzima, kwa sababu nukta ya kwanza ikikubali ya pili inakataa, na ukiiridhisha ya pili ya kwanza imeshaondoka.

Saa saba usiku nilirudisha santuri. Piano ikaingia na mchapuko wake usiochoka, Nina akaanza kumuuliza mtenda dhambi atakimbilia wapi, ngoma zikasonga, vyombo vikanyamaza, makofi yakabaki. Safari hii yalikuwa makofi, viganja vya watu, na nilisikia hata chumba walimosimama. Sauti yake ilipopanda tena mwishoni, "s" zilikuwa herufi kama herufi nyingine. Nilicheza upande huo mara nne mfululizo, nikavichora vijiti vinne bila kuketi.

Kuanzia mwezi huu sijumlishi tena. Ukurasa wa kila albamu nimeukata katikati kwa rula, na kila upande unajitegemea.

Mwezi wa 7

An Evening with Belafonte/Makeba, ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Jina la albamu linadanganya kidogo, kwa kuwa nyingi ya nyimbo zake kila mmoja anaimba peke yake na kumpisha mwenzake, na zinazowakutanisha ni chache. Mojawapo ni Malaika. Baada ya miezi sita ya lugha za watu, kuisikia lugha yangu ikitoka katika mfuo wa santuri kulinipa mshtuko mdogo nisioutarajia. Belafonte anaitamka kwa uangalifu wa mgeni aliyefunzwa vizuri, kila silabi imepigwa pasi. Makeba anaiimba kama mtu anayeijua huzuni yenyewe, na matamshi yanakuja nyuma.

Lakini wimbo niliourudia zaidi ni ule wa kumwonya Verwoerd, waziri mkuu wa Afrika Kusini wa wakati ule. Mtunzi wake, Vuyisile Mini, alinyongwa na serikali hiyo Novemba 1964, na albamu ikatoka mwaka uliofuata. Wimbo wenyewe ni mchangamfu, unaweza kuuchezea. Nimejaribu kuuandikia zaidi ya hapo na kila sentensi nimeifuta.

Mwezi wa 8

Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder ilitoka mwaka 1976 ikiwa na santuri mbili kubwa, kijitabu, na santuri moja ndogo ya inchi 7 yenye nyimbo nne za ziada, maana pande nne hazikumtosha. Nakala yangu ilikuja na santuri mbili na kijitabu. Ndogo haikuwamo. Aliyeniuzia alisema hakujua kama iliwahi kuwamo, na ninamwamini, kwa kuwa kitu kidogo ndani ya kitu kikubwa hupotea katika nyumba ya kwanza tu.

Masharti yangu yanadai pande nne mara tatu kila upande, na nimeyatimiza, lakini nimegundua sina nguvu ya kukaa na albamu hii mfululizo. Ni karamu ya mtu asiyejua kumaliza kupakua. Upande wa 1 vijiti 8, pande nyingine vitatu vitatu.

Mwezi wa 9

Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles, 1967, nakala ya namna ya Uingereza. Hii imelivunja sharti langu la tatu. Baada ya kishindo kile kirefu cha piano kinachofunga upande B kuna mlio wa juu sana ambao mbwa huusikia kuliko watu, kisha, ndani ya mfuo wa mwisho kabisa, ambao kwa kawaida huwa mtupu, vimechongwa vipande vya sauti na kicheko. Mfuo huo ni duara lililojifunga, na mashine yangu haiinui mkono yenyewe. Nilikuwa nimetoka chumbani, na niliporudi nilikuta watu wale wakisema neno lao lisiloeleweka kila baada ya sekunde 1.8, sijui tangu lini.

Sasa sharti linasema kijiti kinachorwa upande unapochezwa hadi mwisho. Upande huu hauna mwisho hadi nitakapouinulia sindano mimi. Nakala za kwanza za Marekani hazikuwekewa mzaha huo, na kwa hiyo mtu wa huko angechora kijiti chake bila wasiwasi. Mimi nimechora nusu kijiti, nikaendelea hivyo mwezi mzima. Muziki wenyewe naustahi kuliko ninavyoupenda.

Mwezi wa 10

Buena Vista Social Club. Ilirekodiwa mjini Havana Machi 1996, katika studio za EGREM, kwa siku sita, na ikatolewa mwaka 1997. Mpango wa awali ulikuwa kuwakutanisha wanamuziki wa Mali na wa Kuba. Wale wa Mali hawakufika, ndipo wazee wa Havana wakatafutwa na kukusanywa. Nimeipenda kila dakika yake, na daftari linanikatalia: pande zote nne zina vijiti vitano vitano, hakuna uliojitokeza.

Nadhani najua sababu. Albamu hii ilizaliwa wakati wa sidii, takriban saa nzima ya mfululizo mmoja, na ilipohamishiwa kwenye santuri mbili, mikato iliwekwa pale hesabu ya dakika iliporuhusu. Kuinuka na kugeuza hakuniambii kitu. Coltrane alinifanya niinuke, na hapa nainuka kwa sababu plastiki imekwisha.

Mwezi wa 11

Catch a Fire ya The Wailers, 1973. Jalada la toleo la kwanza lilitengenezwa kwa umbo la kiberiti cha Zippo ambacho kifuniko chake hufunguka kweli, nakala 20,000 zikatolewa, kisha likabadilishwa na kuwekwa picha ya Bob Marley akivuta bangi, kwa kuwa kiberiti kilikuwa kazi ngumu kiwandani. Yangu ni ya picha. Nilidhani ningeona wivu, lakini nikikumbuka ninavyoshika vitu kwa haraka, kifuniko kile kisingemaliza wiki. A 10, B 4.

Mwezi wa 12, wiki ya kwanza

Fedha ya mwezi wa mwisho nimeitumia kwa jambo ambalo mwezi wa kwanza ningelicheka: nimenunua Kind of Blue tena, toleo jipya lililorekebishwa mwendo. Jalada linanukia wino, santuri ni nzito, gramu 180, na mifuo yake haina hata chembe ya vumbi. Nililinganisha gitaa kwa kifaa, nikaweka upande A, nikaifuata besi ya Chambers tangu swali la kwanza. Pengo halipo. Kila noti iliketi juu ya mwenzake kama kifuniko na sufuria yake.

Mwezi wa 12, wiki ya mwisho

Vijiti vimehesabiwa mara mbili, mara ya pili na mdogo wangu, kwa kuwa hakuniamini. Upande A wa Kind of Blue ya zamani una 38, B wake 19. Upande B wa Pastel Blues una 34 na A wake 11. Upande B wa A Love Supreme una 31, A wake 14. Upande wenye Malaika una 27, Zombie A ina 22. Ella na Louis hawakusogea tangu mwezi wa pili. Hakuna hata albamu moja iliyopendwa pande zote sawa, isipokuwa ile ya Havana.

Kind of Blue mpya: A 3, B 3, vile vya lazima. Usiku baada ya kuvitimiza niliitoa na kuirudisha katika mfuko wake, nikaipangusa ile yenye jalada lililochakaa, nikaiweka. Gitaa sikulilinganisha kwa kifaa. Nililiegemeza gotini karibu na spika, nikazikaza nyuzi moja moja kwa sikio, kidogo, hadi zikaifikia santuri pale ilipo. Tangu siku hiyo sijazilegeza.